Majani ya Bibi Magdalena

Haya ni kweli tupu. Kama kuna neno moja la uongo humu ndani, basi Mlima Meru si mlima, ni kichuguu. Najua wapo watakaosema, mzee huyu tunamjua, juzi katwambia habari za nyani aliyeimba kwenye kwaya. Ya nyani tuyaache. Ya leo yalitokea wakati Mwingereza bado ndiye anayekusanya kodi na kupanga bei ya kahawa yetu, na mtu aliyeyaona kwa macho yake yuko hai, tena ana meno yote.

Ilikuwa jioni ya masika. Mvua ya mteremkoni ilikuwa imenyesha mpaka vyura wenyewe wamechoka kushangilia. Ndani ya nyumba ya Kaanaeli, upande wanakofungwa ng'ombe, mama yake Kaanaeli, Bibi Magdalena, alikuwa amepiga magoti akitandika kitanda cha mjukuu wake. Alitoa majani ya jana, akaweka mengine: mzigo mzima wa majani makavu ya mgomba, aliyoyachukua kwenye lundo nyuma ya nyumba. Yale ya juu yalikuwa yameloa, kwa hiyo alichimba hadi ya katikati, yaliyokuwa na joto kama mkate. Akayapigapiga, akayachambua kwa vidole, na vumbi jeupe likapanda hadi kwenye paa.

"Njoo, mume wangu," alimwita mjukuu. "Kitanda cha mfalme kiko tayari. Hapa ng'ombe anakupumulia mgongoni, majani yanakupasha kifuani. Kikohozi kitapita wapi?"

Anaeli alikuja taratibu, mtoto wa miaka minane mwenye kifua cha kuku na kovu la jipu shingoni. Alilala. Kabla hajamaliza kujifunika alianza kukohoa, na kikohozi hicho kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Ng'ombe aliacha kucheua akageuka kumtazama.

Ndeshi, mama yake, alisimama kwenye kizingiti ameshika kibuyu cha maziwa. Alikuwa amewahi kusimama pale pale na kibuyu kile kile, akisikiliza kikohozi cha Eliasi, mzaliwa wake wa kwanza, na baadaye cha Nathanaeli. Wote wawili walikuwa wamezikwa chini kidogo ya mibuni. Aliyebaki wa kiume ni huyu.

"Kesho nampeleka hospitali," alisema.

"Tena?" Bibi Magdalena hakugeuka. "Mmeshinda huko wiki nzima, amerudi na matundu ya sindano matakoni. Mwacheni mtoto apate joto."

"Baba Ruth, umesikia?" Ndeshi alimuuliza mumewe.

Kaanaeli alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, mwenye sauti nzuri ya kuongoza nyimbo. Lakini ukimweka kati ya mama yake na mke wake, sauti yote inamwishia. Alichokoa moto. "Nimewasikia wote," alisema.

"Kama mtu aliyekwama mlangoni," alisema Ruth, binti yao mkubwa, aliyekuwa na ulimi usiomsubiri. Alipata kofi dogo la bibi yake, akaendelea kumenya ndizi.

*

Hospitali ya misheni ilikuwa na benchi refu barazani, na kila aliyekaa pale alijua ugonjwa wa mwenzake kabla daktari hajaujua. Daktari Mzungu alikuwa mrefu, mwenye Kiswahili cha kuokoteza, kwa hiyo maneno mazito aliyapitisha kwa dresa wake, mfunga vidonda Thomasi. Thomasi naye alikuwa na tabia ya kutafsiri kana kwamba mgonjwa yuko ng'ambo ya mto.

"Si kifua kikuu!" Thomasi alitangaza. Benchi zima likashusha pumzi, na aliyekuwa amesogea akarudi mahali pake. "Daktari amepima makohozi kwa hadubini. Ameona ukungu! Ule wa majani yaliyoloa yakafunikwa, wa nyasi zilizooza, wa kila kitu kilichowekwa kikiwa kibichi. Vumbi lake unalivuta wewe, nalivuta mimi, damu zetu zinalimaliza. Damu ya mtoto huyu haijui kulimaliza. Kazaliwa hivyo."

"Atafundishwa lini?" aliuliza Ndeshi.

Daktari alielewa swali bila kutafsiriwa. Alimtazama kwa muda, kisha naye akauliza, mwenyewe, polepole: "Mama, wewe una kaka?"

"Nilikuwa nao."

"Walikufa... nini?"

"Vifua. Na majipu. Walikuwa wadogo."

"Na dada?"

"Dada zangu wazima. Wote."

Daktari alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akiliogopa. Akaongea Kiingereza kirefu, akionyesha mtoto, kisha mama, kisha mikono mitupu. Uso wake ulikuwa wa huruma kweli. Lakini huruma ile ilipopita kinywani mwa Thomasi ilitoka hivi:

"Anasema amesoma habari za watoto kama huyu huko Amerika! Ni wavulana tu! Ugonjwa unatoka kwa mama! Mama mwenyewe haugui, ila anawapa watoto wake wa kiume! Dawa ya kuumaliza haipo bado! Mtoto akae mbali na vitu vyenye ukungu!"

Katika yote hayo, benchi lilichukua neno moja: unatoka kwa mama. Mwanamke mmoja wa Akeri alimvuta mwanawe mdogo kwa shati, akampakata, akamgeuza uso ukutani ili Ndeshi asimwone.

"Hauambukizi, mama," Ndeshi alimwambia.

"Nani kasema unaambukiza?" alijibu yule, akizidi kumkumbatia mwanawe.

*

Jumapili kanisani, upande wa akina mama, nafasi iliyoachwa pembeni mwa Ndeshi ingetosha kulaza ndama. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia, walimuuliza hali ya mtoto, kisha kila mmoja akakumbuka kwamba amemwahidi mwenzake kukaa naye. Kaanaeli, mbele kule, alianzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, akalazimika kuurudia.

Aliyekuja kukaa karibu na Ndeshi ni Bibi Magdalena. Alijisogeza mpaka mabega yakagusana, akafungua kitabu cha nyimbo asichoweza kukisoma, akamnong'oneza: "Usilie mwanangu. Si kosa lako. Ni ukoo wenu."

Ndeshi angependelea achapwe.

Walipofika nyumbani, alisubiri wote wamalize kula, ndipo akalitoa lile neno la pili, ambalo benchi halikulichukua. "Daktari kasema ukungu unatoka kwenye majani. Anaeli asilale tena kule. Na lile lundo nyuma ya nyumba liondoke."

"Majani gani?" aliuliza Bibi Magdalena.

"Haya, mama. Ya kitandani."

Bibi Magdalena alicheka, kicheko cha kweli, hadi akashika mbavu. "Mmesikia? Juzi ilikuwa damu, leo ni majani. Kesho atasema ni ng'ombe. Nimelea saba kwenye majani hayo! Huyu mumeo, na kichwa chake kikubwa hivi, alitolewa majani masikioni kila asubuhi."

"Ni kweli," alisema Kaanaeli, akijigusa sikio bila kujua.

"Yule Mzungu atuambie Wameru walilala juu ya nini kabla hajaja. Juu ya mawe?"

"Baba Ruth," Ndeshi alimgeukia mumewe, "sema wewe."

Kaanaeli alieleza, huku akiitazama sahani yake, kwamba yeye hapingi. Lakini hata wakiondoa ya kitandani, hayo ya shambani je? Bwana shamba alikuwa amepita Ijumaa. Sheria ni sheria: kila mbuni utandazwe majani makavu shinani, asiyetandaza anaitwa barazani kwa mangi, chifu wetu, kutozwa faini. Migomba imeizunguka nyumba mpaka dirishani. Wahame? Waende wapi? Ardhi ya mteremko wote imebanana, huku mashamba ya masetla, kule msitu wa serikali. Mwenye kihamba, shamba la ukoo, akikiacha msimu mmoja tu, anakuta ndugu zake wameshakifanya chao. "Mama Ruth, tuko ndani ya majani," alisema. "Tumezaliwa ndani yake. Nikupeleke wapi?"

Upande wa ng'ombe, Anaeli alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena.

*

Kuanzia hapo nyumba ile iliingia vita visivyo na kelele. Asubuhi, Bibi Magdalena akienda kuchota maji, Ndeshi aliyakusanya majani yote akayatupa korongoni, akamtandikia mtoto ngozi ya mbuzi. Jioni, Ndeshi akienda kukata majani ya ng'ombe, Bibi Magdalena aliikunja ngozi kwa heshima zote, akaleta majani mengine. Na kwa kuwa mtoto alizidi kudhoofika, bibi alizidisha majani, maana alimpenda kupita kiasi. Kitanda kilipanda hadi Anaeli akawa analala sawa na mgongo wa ng'ombe. Homa ikaja, ikakaa. Makohozi yakawa na nyuzi za damu.

"Mama," Anaeli alimuuliza Ndeshi siku moja, "nimlalie nani vizuri, wewe au bibi? Nikilala kwenye ngozi bibi analia. Nikilala kwenye majani unalia wewe."

Ndeshi alitoka nje akaenda nyuma ya nyumba, akamkuta mama mkwe wake ameinama kwenye lundo, mikono imezama hadi kwenye viwiko, akitafuta yale yenye joto.

"Yaache hayo, mama."

"Mtoto anatetemeka."

"Nimesema yaache!"

Bibi Magdalena aliinuka. Katika maisha yake hakuwahi kupaziwa sauti na mke wa mwanawe. Ruth alitokea kwenye kona ya nyumba ameshika ndoo. Kaanaeli alisimama katikati ya mibuni na panga lake. Wote walisikia.

"Unanifokea mimi," alisema Bibi Magdalena. "Mimi niliyekaa na wewe kanisani ulipokimbiwa. Nimelea saba kwenye majani haya, Ndeshi. Saba!"

"Na Eliasi?" Ndeshi aliuliza. "Na Nathanaeli? Wao walilala wapi, mama?"

Bibi Magdalena aliitazama mikono yake, iliyojaa unga mweupe wa majani mpaka kwenye makunyanzi, akaifuta kwenye kanga, akaitazama tena. Kisha akakaa chini pale pale, juu ya lundo.

Ndeshi angetoa jicho lake moja ili alirudishe neno lile. Alichuchumaa mbele yake. "Hukujua, mama. Hata mimi sikujua. Nilikuwa nakuletea mzigo mwenyewe, hukumbuki? Damu ni yangu, majani ni yako. Damu siwezi kuitoa. Majani tunaweza kuyakimbia. Niruhusu nimpeleke kwa Nashipae."

Nashipae alikuwa rafiki yake wa sokoni, mwanamke wa Kiarusha wa Oldonyo Sambu, upande mkavu wa mlima. Kwa miaka mingi walibadilishana, huyu ndizi, yule maziwa, mpaka wakaacha kupima. Kule hakuna mgomba hata mmoja. Kuna upepo, vumbi la kawaida la Mungu, na mbuzi.

"Kwa watu wasiobatizwa?" Bibi Magdalena aliuliza, lakini kwa sauti ndogo, kama anayetimiza wajibu.

"Watambatiza nini mtoto aliyekwisha kubatizwa?" alidakia Ruth. Safari hii hakupata kofi.

*

Ndeshi na Anaeli waliondoka alfajiri. Kaanaeli alikuwa ameketi kwenye jiwe la kunolea, akinoa panga lililokwisha kuwa kali tangu jana. Mwanamume wa Kimeru, mzee wa kanisa, amruhusu mkewe aondoke na mtoto wa kiume pekee kwenda kuishi kwa watu? Hakuweza kulitamka hilo. Akatae je? Hakuweza pia.

"Sijaona mtu akipita hapa," alisema, akilitazama jiwe. Kisha akavua koti lake la Jumapili, ambalo kumbe alikuwa amelivaa tangu gizani, akalitundika kwenye kijiti cha uzio ambapo Ndeshi lazima angepita. Lilimfika Anaeli magotini.

Pale Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, lori la kwanza lilisimama. Lilikuwa limejaa nyasi kavu za farasi wa masetla, na abiria wamezikalia raha mustarehe.

"Panda mama, godoro la bure!" aliita utingo.

Ndeshi aliziona zile nyasi zilivyokuwa na weusi katikati. Akarudi nyuma. "Hapana. Nitangoja jingine."

"Jingine lipi? Unaogopa nyasi?"

"Naogopa nyasi."

Lori zima liliangua kicheko. "Jamani, mama mzima anaogopa nyasi! Muulize kama anaogopa na uji!" Mwingine alimrushia konzi ya nyasi kwa utani, na Ndeshi akamfunika mwanawe na koti, kichwa na mwili, akasimama hivyo kando ya barabara mpaka vicheko vikatokomea. Jua lilikuwa utosini lilipokuja lori la Mhindi, limebeba mapipa ya mafuta ya taa. Lilinuka, liliruka, mapipa yaligongana kama kengele za wazimu. Ndeshi alipanda akimshukuru Mungu kwa kila pipa.

Nashipae aliwapokea bila kuuliza. Alimtazama Anaeli, akampa maziwa, akasema, "Huyu amekonda mpaka nguo inamwogopa." Na hewa ile kavu ilifanya kazi ambayo sindano hazikuifanya. Homa ilishuka. Kikohozi kikawa cha asubuhi tu, kisha kikawa cha siku moja moja. Anaeli alianza kukimbiza mbuzi. Alinenepa. Akawa mkubwa, akajifunza gari, akawa dereva wa lori la njia ya Nairobi, mwanamume wa mabega mapana hivi, mwenye kofia ya ngozi. Na kila alipopita Sakina alipiga honi mara tatu kwa ajili ya mama yake, na magari mengine yote yakasimama kumpisha. Na hapo ndipo ilipoishia.

*

"Umemaliza?"

Aliyeuliza ni mke wangu. Wajukuu walikuwa wamenizunguka, wameduwaa na ile honi. Yeye alikuwa mlangoni muda wote, ungo mkononi, na mimi sikumwona, kwani ningemwona ningelisimamisha lile lori mapema.

"Nimemaliza," nilisema.

"Yote ni kweli," alisema, "mpaka mbuzi. Baada ya mbuzi umedanganya."

Nilitaka kubisha. Lakini unambishiaje Ruth habari za nduguye? Ndiye yeye, yule aliyekuwa na ndoo kwenye kona ya nyumba.

Aliwatazama watoto, akaona wanangoja, akaona haiwezekani tena kuwaacha na uongo wangu. "Alipona, ndiyo," alisema. "Alipona mpaka watu wakasahau kwamba anaumwa. Mama akarudi nyumbani kuchuma kahawa, anaimba njia nzima. Kule Oldonyo Sambu wakavuna mahindi. Yalikuwa yamenyeshewa, yakawekwa ghalani hivyo hivyo. Watoto wote wakaingia kupukuchua, na Anaeli akaomba naye aingie. Nyumbani kwetu hakuwahi kupewa kazi hata moja, alikuwa anaona haya. Nashipae akamwambia, haya, mwanamume, ingia. Alishinda humo siku nzima, akatoka mweupe kwa vumbi, anajivuna, anataka apimwe kama amepukuchua kuliko wenzake."

Akauegemeza ungo mlangoni.

"Mvua za vuli hazikumkuta hai. Nashipae hakukosea, msije mkamlaumu. Daktari alisema kila kitu chenye ukungu. Sisi tulikuwa tumegombania majani mpaka hatukukumbuka kumwambia kitu kingine."

Mjukuu mmoja akanisogelea.

"Nilitaka akue," nilimwambia Ruth.

"Najua. Hata mimi nilitaka. Sasa lipa."

"Nilipe nini?"

Alinionyesha kwa kidevu magunia ya mahindi yaliyoletwa jana kutoka shambani, aliyokataza yasivuke kizingiti. Kwetu mahindi hayapukuchuliwi ndani, na hayapukuchuliwi na mtoto. Nilijua Anaeli alikufa, sikujua kwa nini; miaka yote hiyo nilidhani ni ukali wake tu wa kupenda usafi. "Yote," alisema. "Mwenyewe. Kule mbali, upepo unakoelekea."

Basi ninalipa. Nimekaa huku mwisho wa uwanja, kitambaa puani, vidole vinaniuma. Binti zetu wana afya, wote, na hakuna ajuaye nani kati yao amebeba ile damu ya Ndeshi. Wasichana wameachiwa wanacheza nje. Wavulana Ruth amewafungia ndani mpaka vumbi litulie. Nawaona wamebandika pua kwenye kioo cha dirisha, na kila mmoja akikohoa, mikono yangu inasimama.